Kijani Kwenye Karatasi Mbili

Siku ya tatu ya mvua, Isaïe alichanganya kijani mara tano na mara tano akakikwangua mezani. Ilikuwa saa nne asubuhi, lakini ndani ya imprimerie, kiwanda cha uchapaji cha Jean-Paul, mtu angedhani jua limeshazama. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Jenereta ilizungusha mashine, na juu ya meza ya wino ilining'inia taa ndogo ya kuchaji, mwanga wake mweupe kama maji ya mchele.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Mama Chimène, mwenye shule ya uuguzi kule Kabondo. Diploma tisini, pindo lake la kijani kibichi kama pondu mbichi, majani ya muhogo, na jina la shule juu kwa rangi hiyo hiyo. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Jean-Paul, mwenye imprimerie, alikuwa na karatasi nene ya kung'aa iliyotosha diploma sitini tu. Iliyobaki ilikuwa ndani ya boti iliyoharibika injini huko Bumba, na hakuna aliyejua itafika lini.

"Zile makumi tatu, chapa kwa karatasi ya kawaida," Jean-Paul alisema. "Iko nene vilevile."

"Patron, ile karatasi inakunywa wino. Rangi haitakuwa moja."

"Mais njo kazi yako ile, papa Isaïe. Kila siku unatuambia juu ya jicho yako."

Ni kweli Isaïe alilipenda jicho lake. Katika mji mzima wa Kisangani, watu wa chapa walikuwa wakimletea kipande cha kitambaa au kifuniko cha chupa wakimwambia, tupatie rangi hii, naye akaipata kwa kisu na vidole, bila kipimo. Alijua kwamba karatasi ya kung'aa huuacha wino ukae juu yake, ukabaki mbichi, na kwamba ile ya kawaida huuvuta chini hadi rangi ikapauka. Kwa hiyo wino mmoja usingefaa. Ilibidi kwa ile ya kawaida atengeneze wino wa pili, mkali zaidi, ili ukishanyweka ulingane na wa kwanza.

Mara ya sita akapata. Aliongeza manjano, akaongeza bluu kidogo, weusi akauondoa kabisa. Akaweka vipande viwili chini ya taa, akavigeuza huku na huku. Vilikuwa pacha. Alitaka kuvipeleka mlangoni avione kwa jua, lakini jua halikuwapo, na unyevu ulikuwa mwingi kiasi kwamba hata wino wa kwanza ulikuwa haujakauka vizuri. Alitamani siku mbili za kungoja. Alikuwa na siku moja.

Jean-Paul akaja, akainama chini ya taa. "Eh! Kweli kabisa. Hapa mutu hawezi kutofautisha." Kisha akachukua orodha ya majina, iliyopangwa kwa alama tangu wa kwanza hadi wa tisini, akaona la kumi na moja. "Mutoto wako Aimée yuko kwa zile za kung'aa. Ça va, unaweza kulala bila wasiwasi. Mi pia, mutoto wangu singemuweka kwa ile ingine." Akacheka, bila ubaya wowote, akarudi dukani kwake.

Kicheko kile hakikumpendeza Isaïe. Ikiwa rangi ni moja, basi ni moja, alijiambia. Na kama kuna mtu anayepaswa kuiamini kazi ya mkono wake, ni yeye. Alipofika kwenye kuchapa majina, alimtoa Aimée kwenye karatasi za kung'aa akamweka kwenye zile za kawaida. Nafasi yake akampa wa mwisho kwenye orodha, msichana wa Isangi aitwaye Marthe. Hakumwambia mtu. Alirudi nyumbani Mangobo jioni ile akiwa mtu mwenye furaha, akala lituma, ndizi za kuponda, na samaki, akamwomba mkewe Germaine amwongezee.

Jumamosi ukumbi ulijaa vigelegele. Germaine, ambaye huuza samaki wakavu sokoni, alivaa liputa mpya ya kitenge iliyoshonwa makusudi. Aimée alipoitwa mbele, mama yake alinyanyuka na kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyeangalia pindo la karatasi. Isaïe peke yake ndiye aliyeliangalia, kutoka mbali, akaridhika.

Baada ya wiki tatu, shirika moja la afya likatangaza nafasi za wauguzi kwenye vituo vya mtoni, kuanzia Yangambi hadi Isangi. Wahitimu wa Mama Chimène wakaenda karibu wote. Aimée alitoka nyumbani na blauzi yake nyeupe imepigwa pasi, diploma ndani ya bahasha, na Germaine alimpa mkate wa kula njiani kana kwamba anakwenda safari.

Alirudi kabla ya saa sita. Aliingia, akavua viatu, akakaa kitandani kwake bila kubadili nguo.

"Bamesema nini?" Germaine aliuliza kutoka mlangoni.

"Bamesema diploma yangu iko ya uongo."

"Ya uongo namna gani?"

"Walitupanga kwa baraza, mama, kwa jua. Yule mama wa shirika aliweka diploma yangu pembeni ya ya Marthe. Akaita mwenzake. Kisha wakaanza kuzipanga zote, hizi huku, hizi kule. Bakatuambia sisi wa huku tusimame pembeni ya ukuta. Batu walikuwa wanapita barabarani wanatuangalia." Akaikunja bahasha tupu. "Diploma hawakunirudishia. Wanasema wataipeleka kwa mukaguzi."

Isaïe alikuwa amefika kula chakula cha mchana. Alisimama uani, kijiko mkononi. "Ya kwako ilikuwa na rangi gani?"

"Papa, si wewe uliichapa?"

"Nakuuliza, ilikuwa na rangi gani?"

Aimée alifikiri. "Ya Marthe ilikuwa sawa pondu ya shambani. Ya kwangu sawa pondu imeshaiva kwa sufuria."

Isaïe akaweka kijiko chini. Alijua kilichotokea, hata kabla hajaona. Wino wa pili ulikuwa umeendelea kunyweka baada ya siku ile, polepole, kadiri karatasi ilivyokauka. Na ile taa yake nyeupe ilikuwa imemdanganya. Rangi zilizokuwa pacha chini yake zilikuja kuachana juani. Alijua vitu hivyo vyote kwa majina na kwa sababu. Akaanza kumweleza Germaine, lakini mkewe akamkata.

"Usinielezee mimi. Enda kuelezea ule mukaguzi."

Mkaguzi wa vyeti aliitwa Bwana Feruzi, mtu wa makamo, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliwaita wote siku ya Jumatano: Isaïe, Jean-Paul, Mama Chimène, na wale wahitimu thelathini, ambao walibaki nje kwa sababu ofisi haikuwa na viti. Dirisha lilikuwa wazi, nao wakajibana hapo kusikiliza. Aimée alikuwa mbele.

Isaïe alikuja na mfuko. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Alitoa kopo la wino, kisu chake, na vipande viwili vya karatasi, kimoja cha kung'aa na kimoja cha kawaida.

"Monsieur l'inspecteur, unipatie dakika tano tu. Nitaonyesha."

"Onyesha."

Isaïe akachovya kidole, akapaka kipande cha kwanza, akapaka cha pili kwa kidole kile kile. Akaenda navyo dirishani kwenye jua. "Angalia. Wino ni moja, kidole ni moja. Hii inang'aa, ile imekufa. Karatasi njo inabadilisha rangi. Hakuna mutu mwizi hapa. Ni karatasi."

Bwana Feruzi aliinuka kitini, akaja kutazama. Alivutiwa kweli. Akageuza vile vipande, akavitia kivulini, akavirudisha juani. "Tiens! Miaka yote hii ya kazi, sikujua." Nje ya dirisha wale wasichana wakaanza kunong'onezana, na mmoja akamshika Aimée bega.

"Donc," mkaguzi alisema, akirudi kukaa, "zile makumi sita na hizi makumi tatu ulichapa na wino moja. Karatasi ndiyo imebadilisha."

Hapo ndipo palikuwa na mlango wa kutokea. Neno moja tu, ndiyo, na pengine wangepita wote. Lakini Isaïe alikuwa ameshawaka, kwa mara ya kwanza mtu mwenye cheo alikuwa anamsikiliza juu ya rangi, na isitoshe hakuwa mtu wa kudanganya.

"Hapana, Monsieur. Mutu bila akili ndiye angechapa na moja. Mi nilitengeneza wino ya pili, ya hii karatasi peke yake. Niliongeza manjano, niliongeza bluu, nikaondoa nyeusi. Mara sita! Juu hii ifanane na ile."

Bwana Feruzi akachomoa kalamu moja mfukoni. "Kumbe hii haina wino ya ile."

"Haina. Lakini ni juu ya kufananisha..."

"Papa Isaïe. Mutu akitengeneza wino yake mwenyewe, juu karatasi yake ifanane na ile ya kweli. Kwa français ile tunaiita je?"

Isaïe alianza kurudisha kopo la wino kwenye mfuko wake.

"Contrefaçon, kughushi," mkaguzi alisema, na akaliandika neno lile. Hakuliandika kwa hasira. Aliandika kama mtu anayejaza nafasi iliyokuwa wazi kwenye fomu. Kisha akamgeukia Mama Chimène. "Shule yako ina kibali ya banafunzi ngapi?"

Mama Chimène alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani. "Makumi sita, Monsieur l'inspecteur."

"Na uliagiza diploma ngapi?"

"Makumi sita."

Isaïe alimgeukia Jean-Paul. Jean-Paul alikuwa akiangalia viatu vyake. Dukani kwake kulikuwa na leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani, na leseni ile ilitoka ofisi ya jirani na hii ya mkaguzi, mlango wa tatu tu kwenye korido ile ile. "Mi niko mufanyabiashara," akasema kwa sauti ndogo. "Commande ilikuwa makumi sita. Kama mufanyakazi amechapa ingine, sikuwa pale."

"Patron, ulisimama chini ya taa na mimi! Ulisema mutu hawezi kutofautisha!"

"Sikuwa pale," Jean-Paul akarudia.

Bwana Feruzi akachukua orodha ya shule iliyokuwa kwenye faili, ile ya alama. "Kitu kimoja sielewi. Huyu Aimée ni wa kumi na moja. Juu ya nini yuko kwa karatasi ya kawaida? Na huyu wa mwisho, Marthe, yuko kwa ile ya kung'aa."

Isaïe alitazama dirishani. Uso wa binti yake ulikuwa pale pale, katikati ya vichwa vingine.

"Nilibadilisha mimi," alisema. "Yule wa kumi na moja ni mutoto wangu. Nilitaka... rangi ilikuwa sawa. Nilitaka kuonyesha kama iko sawa."

"Kumuonyesha nani?"

Isaïe aliinamisha macho mezani. Wino wa kidole chake ulikuwa umegusa ukingo wa meza, alama ya kijani kwenye mbao. Mkaguzi akararua karatasi chakavu akampa. "Pangusa, tafadhali." Isaïe akainama akapangusa, na kadiri alivyopangusa ndivyo ile alama ilivyotanda, mpaka Bwana Feruzi akamwambia basi, aache.

Germaine hakulia. Alimwambia tu, kesho yake asubuhi, akiwa anafunga samaki kwenye beseni: "Enda kwa yule mama wa shule. Piga magoti kama inalazimu. Usirudi bila jina ya mutoto wangu."

Mama Chimène alimpokea kwenye darasa tupu. Ubaoni kulikuwa bado na mchoro wa moyo wa binadamu, mishipa yake imechorwa kwa chaki nyekundu. Hakumkaribisha kiti, kisha akaona aibu, akamvutia benchi.

"Papa Isaïe, unafikiri mi sina roho. Nikikubali batoto makumi tisa, shule inafungwa leo, na zile diploma zote makumi tisa zinakufa. Zote. Na ile ya Aimée pia. Sasa makumi sita wamepona. Ulitaka nifanye je?"

"Ulipokea malipo ya wote, mama. Walisoma hapa wote."

"Nilipokea. Nilijua kibali ya makumi tisa itakuja, waliniahidi. Haikuja." Akapangusa meza isiyo na vumbi. "Mukaguzi ananidai liste ya majina makumi sita kufika kesho. Njia ya Aimée iko, lakini njia moja tu."

"Gani?"

Akatoa karatasi iliyokwisha kuandikwa. Ilikuwa maelezo ya ukurasa mmoja, kwa jina la Isaïe, yakisema kwamba yeye, mchapaji, alichukua karatasi moja ya kung'aa bila ruhusa na kumchapia msichana Marthe diploma asiyoistahili, na kwamba nafasi ile kwa haki ni ya Aimée. "Utie sahihi. Marthe anatoka, Aimée anaingia. Hesabu inabaki makumi sita. Na ni kweli, papa. Ulimubadilisha wewe mwenyewe."

Isaïe alisoma mara mbili. "Marthe ameshapata kazi. Ameenda."

"Ameenda Isangi wiki iliyopita."

"Wakisoma hii, watamufanya nini?"

"Watamurudisha." Mama Chimène hakumtazama. "Labda watamuuliza maswali kwanza."

Isaïe alimjua yule msichana kwa sura tu. Siku ya sherehe alikuwa na mama yake, mwanamke mfupi aliyekuja kwa pirogue, mtumbwi wa makasia, akiwa na kuku wawili wa kuwapa walimu zawadi. Alikumbuka kwamba mama yule alishika diploma kwa pembe zake mbili, mbali na nguo, akiogopa kuichafua. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Isaïe. Akaiweka kwenye mstari. Wino wa kalamu ukatoa nukta moja ya bluu, ikakua kidogo kwenye karatasi, ikasimama.

"Hakuomba kitu yule mutoto," akasema.

"Na wa kwako aliomba nini?" Mama Chimène akamuuliza.

Isaïe alikaa pale mpaka kengele ya mchana ikalia kwenye shule ya jirani. Kisha akaiweka kalamu juu ya benchi, akatoka. Alitembea kwa miguu mpaka Mangobo, toleka, wabeba abiria, wakimpigia kengele za baiskeli zao naye akiwapungia mkono waendelee.

Aliwaeleza yote, hakuficha hata neno. Walikuwa wameketi uani. Germaine alisikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akaingia ndani, na tangu siku ile akawa anamwekea chakula mezani na kuondoka kabla hajaketi. Aimée alibaki. Isaïe alidhani pengine yeye ataelewa. Alikuwa mtoto wa huruma, aliyekuwa akikesha na wagonjwa wa watu wengine wakati wa mafunzo, aliyempenda Marthe na kumwazima madaftari.

"Ungetia sahihi, papa," Aimée akasema.

"Mutoto wangu..."

"Minajua Marthe. Minajua mama yake. Ungetia sahihi."

Hakupaza sauti. Akachukua mabakuli akaenda kuyaosha.

Jean-Paul hakumfukuza Isaïe. Alimtumia mtu kumwambia apumzike kwanza, mpaka mambo yapoe. Mambo hayakupoa. Imprimerie nyingine mbili alizokwenda kuomba kazi zilikuwa zimesikia. Ya kwanza walimwambia hawana nafasi. Ya pili, mwenyewe alicheka akamuuliza kama anaweza kumtengenezea pasipoti, na wafanyakazi wote wakacheka, nao ni watu waliokuwa wakimletea vitambaa awatafutie rangi. Wahitimu wenzake Aimée walikuja mara mbili nyumbani, wamekasirika, wakitaka waende kwa mwanasheria; mara ya tatu hawakuja. Wawili kati yao walikuwa wameanza kuuza mikate. Germaine alihamisha meza yake sokoni, akaenda upande ambao wanawake hawakumjua, kwa sababu kule kwa zamani walikuwa wanamwita mama diploma.

Mwezi wa pili, binamu wa Germaine aliyeko Yangambi akatuma habari. Kulikuwa na zahanati ya mtu binafsi, wanatafuta msichana wa kufagia vyumba na kufua mashuka. Isaïe alisema hapana, si kazi ya mtu aliyesoma miaka mitatu. Aimée alikuwa ameshafunga begi.

Walikwenda ufukweni pamoja, baba na binti, kwa sababu begi lilikuwa zito na Germaine alikuwa sokoni. Baleinière, boti ndefu ya mbao, ilikuwa imejaa magunia ya chumvi na vitanda vya chuma. Karani wa boti alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, daftari gotini, akiandika abiria mmoja mmoja. Zamu yao ilipofika, aliuliza bila kuinua kichwa.

"Jina?"

Aimée akataja.

"Kutoka?"

"Kisangani."

"Kwenda?"

"Yangambi."

"Kazi?"

Isaïe akasogea mbele. "Muuguzi," akasema. "Andika infirmière."

Karani akainua kichwa, akamwangalia binti, kisha baba. "Iko na karatasi yake? Juu kule wanakontrolea sana sasa. Wanasema kuna bandugu wa kutengeneza diploma hapa mjini."

"Anajua kazi," Isaïe alisema. "Anajua kuzalisha. Anajua kuchoma sindano ya mutoto muchanga. Umuulize."

"Papa, mi naandika karatasi. Siulizi maswali ya hospitali."

Watu wa nyuma walianza kusukumana. Aimée alimchukua baba yake begi mkononi, kwa upole, jinsi mtu anavyomchukulia mgonjwa kikombe. Akamgeukia karani.

"Andika hakuna," akasema.

Karani akaandika. Aimée akapanda ubao, akatafuta nafasi kati ya magunia, akaketi akiupa ufukwe mgongo. Isaïe alisimama pale kwenye matope mpaka wote wakapanda, mpaka injini ikawaka, akingoja Aimée ageuke.